Je, wajua kwa nini namba ya sukari ya paka haisomwi kama ya mtu?

Siku hizi si ajabu kukuta mashine ya kupimia sukari ndani ya nyumba za Mwanga, Gungu au Ujiji, mjini Kigoma, imewekwa kabati moja na dawa za presha za bibi. Kwa hiyo paka wa nyumba anapoanza kunywa maji kupita kiasi, akakojoa sana, akala kwa pupa na bado akazidi kukonda, wazo linalokuja haraka ni kumpima kwa mashine hiyohiyo. Tone la damu linawekwa, namba inatoka, tuseme 19. Halafu inafuata hesabu ambayo karibu kila mtu huifanya: namba ni kubwa, basi achomwe insulini; kesho ikiwa bado kubwa, aongezewe.

Hesabu hiyo ni ya hatari. Kisukari kwa kawaida humdhoofisha paka kwa wiki na miezi, lakini insulini iliyozidi inaweza kumuua kwa saa chache. Mashine ya bibi ina kazi yake nzuri, nitaieleza. Kinachopotosha ni kuisoma namba ya paka kwa kanuni za mwili wa mtu.

Kuhusu ugonjwa wenyewe sitakaa sana. Kisukari cha paka hufanana na kile cha watu wazima, aina ya pili: mwili unaacha kuisikia insulini, na kongosho linachoka kuitengeneza. Huwapata zaidi paka wa makamo na wazee, wanene, hasa madume waliohasiwa. Wengine huanza kutembea wakikanyaga kwa visigino vya nyuma badala ya vidole, kwa sababu sukari iliyokaa juu muda mrefu imeumiza mishipa ya fahamu ya miguu. Figo za paka nazo ni vumilivu kuliko zetu. Mtu huanza kuonyesha sukari kwenye mkojo ikivuka takribani 10, paka hadi ikaribie 15. (Namba zote hapa ni milimoli kwa lita, kipimo tunachotumia Tanzania. Mashine yako ikisoma kwa mamia, gawanya kwa 18.) Maana yake ni kwamba paka anayekojoa sana kwa ajili ya sukari ameshakuwa juu kwa muda.

Sasa turudi kwenye ile 19. Jambo la kwanza linaloipandisha ni hofu. Mchukue paka asiye na ugonjwa wowote, mtie kwenye kapu, mpakie bodaboda kutoka Ujiji hadi kwa daktari wa mifugo, mwinue juu ya meza yenye harufu ya mbwa, halafu watu wawili wamkamate achomwe. Ini lake litamwaga sukari kwenye damu ili apate nguvu ya kupigana au kukimbia. Hata mtu hupandisha kidogo akiogopa, lakini paka hupandisha kwa kiwango cha kushangaza: paka mzima kabisa anaweza kusoma zaidi ya 16 kwa vurugu tu, na ikachukua saa kadhaa kushuka. Ndiyo sababu daktari makini hamwambii mtu kwa namba moja kwamba paka wake ana kisukari. Ataangalia dalili, atauliza mkojo uliokusanywa nyumbani paka akiwa ametulia, na pakiwa na maabara atapima fruktosamini, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa wiki moja hadi mbili zilizopita. Hofu ya asubuhi moja haikigusi.

Hapo ndipo upimaji wa nyumbani unapopata thamani yake. Paka aliyelala kwenye kanga yake barazani, sikio likachomwa akiwa na usingizi, anatoa namba ya kweli kuliko aliyeshikwa na watu wawili mezani.

Lakini mashine ya bibi nayo ina jambo lake, na kwangu hili ndilo la kuvutia kuliko yote. Ikimpima paka, kwa kawaida husoma chini ya ukweli. Fikiria nyumba yenye shughuli, ina vyumba viwili, sebule na chumba cha ndani. Tunachotaka kujua ni jinsi sebule ilivyojaa. Mhesabuji haruhusiwi kuingia sebuleni. Anapewa idadi ya wageni wa nyumba nzima, kisha anakadiria. Kwenye nyumba ya mtu, mlango wa katikati uko wazi, wageni wamekaa sebuleni na chumbani pia, kwa hiyo ukijua wastani wa nyumba unaweza kukadiria sebule bila kukosea sana. Kwenye nyumba ya paka mlango huo umefungwa. Chumba cha ndani kiko karibu kitupu na wageni wamesongamana sebuleni. Mhesabuji akija na mazoea ya nyumba ya kwanza atasema sebule ina nafasi, kumbe watu wamesimama.

Sebule ni majimaji ya damu, na chumba cha ndani ni chembe nyekundu. Katika damu ya mtu, takribani asilimia 58 ya sukari iko kwenye majimaji na 42 imeingia ndani ya chembe nyekundu. Katika damu ya paka, takribani asilimia 93 iko kwenye majimaji na 7 tu ndani ya chembe. Mashine ya binadamu hupokea tone zima la damu, kisha hutoa namba kwa kutumia mgawanyo wa binadamu. Zipo mashine za wanyama zilizorekebishwa kwa jambo hili, ila bei yake na ya stripu zake, vile vipande vinavyopokea tone la damu, ni mzigo. Ya binadamu inafaa, mradi utumie ileile kila siku na daktari ajue kwamba namba zimetoka humo. Jambo moja lisisahaulike: ikisoma 3, usijitulize kwamba huenda ukweli ni 4. Chukulia ni 3.

Tuseme sasa hofu imeondoka na mashine inaeleweka. Bado namba moja haitoshi kupanga dozi. Insulini ya paka huchomwa kila baada ya saa 12, kwa mfano saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, na nguvu yake hupanda kisha ikashuka katikati ya saa hizo. Kwa hiyo kuna siku daktari atakuomba upime kila baada ya saa mbili. Mfano wa siku kama hiyo: saa 1 asubuhi, 17.8; saa 3, 14.2; saa 5, 9.6; saa 7 mchana, 5.1; saa 9, 6.8; saa 11, 11.9; saa 1 jioni, 16.4.

Mtu aliyepima asubuhi na jioni tu ameona 17.8 na 16.4, na roho yake itamwambia dozi haifanyi kazi. Aliyepima saa 7 mchana ameona kwamba paka tayari amefika 5.1. Dozi inafanya kazi barabara. Hakuna nafasi ya kuongeza hata nusu uniti. Akiongeza, namba ya saa 7 ndiyo itakayozama chini ya 3, mchana kweupe, watu wakiwa kazini. Dozi ya paka hupangwa kwa kuangalia ile namba ya chini kabisa ya siku, ambayo madaktari wengi hupenda iwe kati ya 4.5 na 8 hivi. Namba ya asubuhi ina kazi nyingine: kukuzuia usichome pale paka anapokuwa tayari yuko chini.

Mafundisho ya zamani yalisema kwamba namba kubwa ya jioni mara nyingi ni mwili kujitetea baada ya sukari kuzama mchana. Kwa paka ushahidi wa jambo hili ni mwembamba. Waliofuatilia paka waliopimwa nyumbani mara kwa mara, wakitumia insulini za muda mrefu, wameliona kwa nadra. Kwa hiyo pima mchana, uone mwenyewe, badala ya kukisia upande wowote.

Na baada ya kubadilisha dozi, subiri. Mwili wa paka huhitaji siku tano hadi saba kuonyesha jibu, na badiliko lenyewe huwa nusu uniti au moja. Bibi mmoja wa Ujiji, mwenyewe akiwa mgonjwa wa sukari, alilalamika mbele yangu: “Mjukuu wangu, mimi nachoma ishirini asubuhi. Huyu uniti moja itamfaa nini?” Nikamjibu, “Bibi, wewe una kilo sabini, yeye ana nne na nusu. Ukigawa utaona hamjaachana sana.” Paka wengi huanzishiwa uniti moja mara mbili kwa siku, mnene kidogo zaidi, na hata huyo daktari ni nadra kumwanzishia zaidi ya mbili.

Uniti moja ni kitu kidogo mno. Shika bomba la sindano la insulini la mililita 1 ulitazame kwenye mwanga: mengi yamechorwa mistari ya uniti mbilimbili, kwa hiyo uniti moja inaangukia katikati ya mistari, mahali pasipo na alama. Tafuta la mililita 0.3, lenye mistari ya uniti moja au nusu. Kisha soma chupa. Insulini za binadamu kwenye famasi zetu huwa na uniti 100 kwa kila mililita. Baadhi ya zile za wanyama zina 40. Bomba lazima lilingane na chupa. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40, paka amepata mara mbili na nusu ya dozi, nawe umeona mstari ule ule. Aina ya insulini achague daktari, kwa sababu zile za mchanganyiko zinazotumiwa na wagonjwa wengi wa nyumbani huisha haraka kwenye mwili wa paka, na glajini, mojawapo ya zile za muda mrefu, mara nyingi humfaa zaidi. Usiichanganye na maji kwa nia ya kurahisisha kipimo. Chupa ikae kwenye friji, isiguse barafu.

Kutoboa sikio kunaogopesha watu kuliko paka. Kwenye ukingo wa nje wa sikio kuna mshipa mwembamba unaoonekana ukimulika tochi ya simu kwa nyuma. Pasha sikio joto kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, weka kipande cha pamba upande wa ndani ili kidole chako kisichomwe, kisha toboa kwa kisindano kipya karibu na mshipa, si lazima ndani yake. Tone dogo litatokeza juu ya manyoya. Lifikishe kwenye ncha ya stripu, livutwe lenyewe, ukandamize pamba kidogo. Mpe kipande cha samaki hapohapo. Paka wengi baada ya muda huja wenyewe wakisikia mlio wa mashine, kwa ajili ya samaki.

Nikigusia samaki, chakula kina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Paka wengi wa Kigoma hula ugali uliolowekwa mchuzi, dagaa wakiwa wachache juu yake. Paka ni mla nyama. Wanga mwingi humpandisha sukari, na ukimpunguzia ugali ukaongeza nyama na samaki waliopikwa, mahitaji ya insulini yanaweza kushuka ghafla. Hapo ndipo nyumba nyingine huingia matatani kwa kufanya jambo jema: wanaacha ugali Jumatatu, dozi inabaki ya wiki iliyopita. Mweleze daktari kabla ya kubadilisha, na pima mara nyingi zaidi siku hizo. Dagaa peke yao si chakula kamili, na waliotiwa chumvi nyingi hawamfai.

Akila ndipo achomwe. Akigoma kula, usichome dozi ya kawaida kabla ya kuzungumza na daktari. Akigoma kula huku anatapika na amelegea, mpeleke siku hiyohiyo, maana kisukari kisichodhibitiwa nacho kina hali yake ya dharura.

Ukimkuta anayumba, ameduwaa, anatetemeka au amepata degedege baada ya insulini, usianze kutafuta stripu. Mpake asali kwenye fizi, kidogo kidogo, ya Tabora au yoyote iliyopo, hata maji ya sukari mazito. Usimmiminie kooni akiwa hana fahamu. Akipata nguvu ya kumeza mpe chakula, kisha mpeleke kwa daktari hata kama ameamka, kwa sababu insulini bado iko mwilini na asali huisha mapema. Sindano inayofuata isichomwe hadi daktari aseme.

Kuna sababu nyingine ya kuendelea kupima hata mambo yakitulia. Sukari iliyokaa juu hulichosha kongosho. Ikishushwa vizuri mapema, chembe zilizokuwa zimezimia huanza tena kutengeneza insulini, na baadhi ya paka hufika mahali hawahitaji sindano kabisa. Kwenye daftari hali hii huonekana kabla ya kuonekana kwa macho: namba ya mchana inaanza kugusa 4, kisha na ya asubuhi inashuka, na dozi ya juzi inakuwa kubwa mno. Daktari atapunguza hatua kwa hatua hadi aiondoe. Paka huyo ataendelea kutobolewa sikio mara mojamoja na kunyimwa ugali, kwa kuwa kwa wengine ugonjwa hurudi, na ukionekana mapema ni rahisi kuushusha tena.