Jangwa la chakula ni nini?

Jangwa la chakula si mahali penye njaa. Mara nyingi chakula kimejaa tele: soda, biskuti, vibanzi. Kinachokosekana ni mboga, matunda, samaki na maziwa kwa bei ambayo mwenye kipato kidogo anaimudu, na karibu kiasi cha kwenda na kurudi na mzigo.

Kipimo kilichozoeleka ni cha Wizara ya Kilimo ya Marekani. Kwanza eneo liwe la kipato cha chini, mfano umaskini ufike asilimia 20. Kisha watu wasiopungua 500, au asilimia 33 ya wakazi, wawe mbali na duka kubwa la vyakula: zaidi ya maili 1 mjini (kilomita 1.6) au maili 10 vijijini (kilomita 16). Kwa kuchora ramani kinafaa. Lakini kilomita 1.6 kwa mwenye gari ni dakika chache. Kwa anayetembea na kilo 8 mikononi ni adhabu.

Kwa nini duka dogo la jirani lisiuze mboga? Mwenye duka hulazimika kununua kreti nzima, maana wa jumla hauzi nusu. Siku ya kwanza majani yanauzika, ya pili yamelegea, ya tatu yanatupwa. Hasara anaifidia kwenye bei, wateja wanakimbia, naye anarudia biskuti zinazokaa miezi. Tusimlaumu, hesabu ndiyo inayomkataza. Ili hesabu ibadilike, maduka matatu au manne yanunue kreti moja yagawane, yapate friji, na yaanze na karoti, kabichi na vitunguu kabla ya majani yanayonyauka upesi.

Kosa kubwa ni kudhani supamaketi mpya itamaliza tatizo. Utafiti wa wachumi uliochapishwa Marekani mwaka 2019 ulionyesha kuwa inapofunguliwa, watu huhamia kununua hapo vyakula vilevile. Upatikanaji ulieleza takriban asilimia 10 tu ya pengo la lishe kati ya matajiri na maskini. Bei, muda wa kupika na mazoea vina uzito wao.

Ndiyo maana ruzuku ya bei ni muhimu. Mpango wa Double Up Food Bucks, ulioanza Detroit mwaka 2009, humwongezea mwenye msaada wa chakula wa serikali fedha za kununulia matunda na mboga. Hata hivyo, soko likifungwa kabla watu hawajatoka kazini, ruzuku hiyo haiwafikii.