Pawabanki haifichwi kwenye begi kubwa jamani

Kuna hii imani ya miaka mingi kwamba pawabanki ni marufuku kwenye ndege, kwahiyo mtu anaivingirisha kwenye taulo anaizamisha chini ya begi la kupima ili wasiione. Hapana, ni kinyume kabisa. Pawabanki inatakiwa ukae nayo juu, kwenye begi dogo la mkononi, na huko chini kwenye mizigo ndo haitakiwi.

Sababu yake ni moto tu. Betri ya lithiamu ikipata shoti au ikigongwa vibaya inaanza kujichemsha yenyewe, seli moja inawasha ya pili, na gesi ya kuzima moto kule kwenye buti la ndege inaweza kuzima miali ila haipoozi betri, so inaendelea kupika ndani kwa ndani na hakuna anayeona. Juu kwenye abiria ikifuka moshi wahudumu wanaimwagia maji fasta.

Kipimo cha kawaida ni 100 Wh (wati-saa, yani kiasi cha nishati betri inachobeba). Chukua ile namba ya mAh iliyoandikwa kwenye pawabanki, zidisha kwa 3.7 gawa kwa 1000, yani ile ya 20,000 ni 74 Wh, unapita bila stori. Ya 30,000 inafika 111, hapo uombe ruhusa ya shirika kwanza. Kama maandishi yamefutika wanaweza kuichukua, mi yangu iliishia hivyohivyo, na ilikuwa mpya (ile stika ilikuwa ya kichina kweli).

Na masutikesi yenye betri, hakikisha betri inachomoka.