Mayokaini ni Nini? Habari za Msuli Unaotuma Ujumbe

Ukitaja msuli pwani, mzee anaweza kudhani unaizungumzia ile nguo ya kujifunga kiunoni. Ukiutaja chuoni Tanzania, kupiga msuli ni kukesha na madaftari wiki ya mtihani. Jim nako, msuli ni kile kinachotunishwa mbele ya kioo. Maana tatu tayari, na ninayotaka kuieleza hapa bado haimo.

Misuli inayosogeza mifupa huchukua takriban asilimia 40 ya uzito wa mtu mzima asiye mnene. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kama punda wa mwili: kazi yake kubeba, kuvuta, na kula wanga. Amri zatoka kwenye ubongo, yeye anatii. Siku hizi inajulikana kwamba punda huyu pia anasema. Msuli unapokaza na kulegea, hutengeneza protini ndogondogo na kuzimwaga kwenye damu, nazo husafiri hadi kwenye ini, mafuta ya tumbo, ubongo na seli za kinga, zikabadilisha namna viungo hivyo vinavyofanya kazi. Protini hizo ndizo zinazoitwa mayokaini. Jina limetokana na Kigiriki, *mys*, msuli, na *kinein*, kusogeza, na lilipendekezwa mwaka 2003 na Bente Klarlund Pedersen na wenzake wa Copenhagen, Denmark. Ni jina la kundi zima, kama tunavyosema homoni au vitamini.

Jinsi walivyoligundua ni hadithi nzuri kuliko jina lenyewe. Ilikwisha kuonekana kwamba mtu akikimbia marathoni, kiwango cha protini iitwayo interleukini-6 kwenye damu yake hupanda, wakati mwingine mara mia. Protini hiyo ilijulikana kama mjumbe wa seli nyeupe za damu, askari wa kinga, na hupanda pia mtu anapougua vibaya. Basi wengi wakaona jibu liko wazi: misuli imechanika kwa mbio, seli nyeupe zimekuja kufagia, ndizo zinazopiga kelele.

Mwaka 2000 watafiti wa Copenhagen walichapisha jaribio lililoipindua dhana hiyo. Vijana walikaa kwenye kiti wakirusha mguu mmoja tu, mbele na nyuma, kwa saa tano. Mguu wa pili ulitulia. Walikuwa wamewekewa mirija myembamba mapajani ili kupima damu inayoingia kila mguu na ile inayotoka. Hesabu ikawa rahisi kama ya duka: kilichotoka, toa kilichoingia. Mguu uliofanya kazi ulikuwa ukimwaga interleukini-6 kwa wingi. Uliotulia haukutoa kitu. Damu ni moja, moyo ni mmoja, seli nyeupe ni zilezile. Tofauti ilikuwa msuli.

Hapa msomaji makini atauliza: je, si hii interleukini-6 iliyolaumiwa sana wakati wa Korona, hadi wagonjwa mahututi wakapewa dawa ya kuizuia, tosilizumabu? Ndiyo, ni hiyohiyo. Na hapo ndipo dhana nzima ilipo. Katika ugonjwa, protini hii huja na wenzake, hasa ile iitwayo TNF, ambayo huwasha inflamesheni, yaani ile hali ya mwili kuwaka, kuvimba na kuuma. Hukaa siku nyingi. Ikitoka kwenye msuli huja bila TNF, hupanda kwa saa chache, kisha hushuka, na nyuma yake hufuata protini nyingine zinazozima moto. Mjumbe mmoja, lakini aliyemtuma na muda aliokaa mlangoni ndio unaoamua kama ameleta tanzia au mwaliko.

Watafiti walewale wa Copenhagen walilipima hilo kwa njia ya kuogofya kidogo. Wanaume wenye afya walidungwa kiasi kidogo cha sumu itokayo kwenye ukuta wa bakteria. Walipokuwa wamepumzika, TNF yao ilipanda kama ilivyotarajiwa. Walipokuwa wameendesha baiskeli kwa saa tatu, sumu ileile haikuipandisha. Hata waliotiwa interleukini-6 kwa mshipa, bila kukanyaga pedeli, walipata kinga hiyo. Jaribio hilo lilichapishwa mwaka 2003, na kwangu mimi linaeleza kuliko maneno mengi kwa nini mazoezi husaidia kwenye kisukari cha ukubwani na magonjwa ya moyo, maradhi ambayo ndani yake kuna moto mdogo usiozimika kwa miaka. Kwa kisukari kuna faida nyingine ya papo hapo: msuli unaofanya kazi hufungua milango yake na kuingiza sukari hata insulini ikiwa dhaifu.

Kwenye kinga yenyewe mambo yana vurugu zaidi. Fikiria mchakamchaka wa shule. Dakika chache baada ya nyimbo kuanza, adrenalini, homoni ya kushtuka, inapanda, damu inakwenda mbio, na seli nyeupe zilizokuwa zimejishikiza kwenye kuta za mishipa na kwenye bandama zinabanduka na kuingia mtiririkoni. Wanaoongezeka kuliko wote ni wauaji asilia, seli ambazo kazi yao ni kuua seli zilizovamiwa na virusi au zilizoanza kugeuka saratani. Kisha, saa moja au mbili baada ya mazoezi makali na marefu, hesabu yao katika damu hushuka hata chini ya ilipoanzia.

Kushuka huko kulizaa onyo lililodumu miongo kadhaa: ukizidisha mazoezi, kinga inaacha dirisha wazi na magonjwa yanaingia. Mwaka 2018 John Campbell na James Turner wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, waliupitia upya ushahidi na kuona umesomwa vibaya. Seli zile hazijafa. Zimetoka kwenye damu na kwenda doria, kwenye mapafu, utumbo na sehemu nyingine ambako vijidudu huingilia. Kuhesabu askari waliobaki kituoni na kusema jeshi limekwisha ni kosa. Wakimbiaji wa marathoni huumwa mafua baada ya mashindano, hilo lipo. Lakini pia wamesafiri, wamelala vibaya, na wamesimama kwenye umati wa maelfu ya watu wanaokohoa.

Mayokaini inaingia hapa pia. Mwaka 2016, Copenhagen tena, Pernille Hojman na wenzake walionyesha kwamba panya wenye gurudumu la kukimbilia walipata uvimbe wa saratani mdogo kwa zaidi ya nusu kuliko panya waliokaa tu. Adrenalini iliwatoa wauaji asilia wakaingia kwenye damu, na interleukini-6 ya msuli ikasaidia kuwafikisha kwenye uvimbe. Panya walipoondolewa wauaji hao, faida ikatoweka. Panya si mtu, bila shaka. Ila njia imeonekana.

Kwa binadamu kuna waendesha baiskeli 125 wa Uingereza, wenye umri wa miaka 55 hadi 79, waliopimwa na kuandikwa mwaka 2018. Hawakuwa watu wa kupunga upepo: mwanaume aliyeshiriki alipaswa kuweza kumaliza kilomita 100 ndani ya saa sita na nusu, mwanamke kilomita 60 ndani ya saa tano na nusu. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thaimasi inayofundisha seli mpya za kinga, nayo huanza kunywea tangu ujanani. Katika wazee hawa ilikuwa bado ikitoa seli mpya karibu sawa na ya vijana.

Je, ni lazima baiskeli na jim? Msuli hausomi bango mlangoni. Haujui kama uzito ni wa chuma cha jim au wa ndoo ya maji, kama mlima umepandwa kwa starehe au kwa kufuata kuni. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2020 dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kutoa jasho kidogo, pamoja na angalau siku mbili za kuitia misuli nguvu, na mkulima wa jembe la mkono huzimaliza dakika hizo kabla ya wiki kufika katikati. Anayepaswa kuhesabu ni karani, dereva, mshonaji, na mimi ninayeandika haya nimekaa. Na maumivu yanayokuja kesho yake si asidi iliyoganda, kama wengi wanavyosema. Asidi hiyo huondoka ndani ya saa moja hivi. Ni michubuko midogo kwenye nyuzi za msuli ambao haujazoea, ikikarabatiwa.

Sasa njoo wodini. Kwetu mgonjwa analazwa, analishwa, anaogeshwa, anageuzwa, na akijaribu kuinuka ndugu watatu wanamrudisha: "Tulia baba, wewe unaumwa." Ni upendo, siubezi. Lakini msuli una kazi nyingine ambayo ndugu hawaioni: ni ghala. Mwili unapopambana na ugonjwa unahitaji protini kutengeneza seli za kinga na kuziba vidonda, na mgonjwa asiyekula huzichota mapajani na mabegani mwake. Ghala lisilotumika hubomolewa haraka zaidi. Kwa wagonjwa mahututi waliopimwa Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta msuli wa mbele ya paja umepungua unene kwa karibu asilimia 18 katika siku kumi tu.

Hata aliye mzima haponi. Mwaka 1966, Dallas, Marekani, vijana watano wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki tatu bila kuumwa chochote. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Watano haohao walipimwa tena miaka 30 baadaye, wakiwa na vitambi na mvi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa chini ya alivyokuwa siku ile ya kutoka kitandani. Wiki tatu za godoro ziliwashinda kuliko miongo mitatu ya uzee.

Ndiyo maana siku hizi aliyepasuliwa anaambiwa akae kwenye kiti mapema iwezekanavyo, na daktari wa mazoezi anakuja na kumkunja magoti mtu ambaye bado ana dripu mkononi. Na kuna maradhi ambayo mazoezi yameanza kuhesabiwa karibu kama dawa. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, wengi wao kutoka Kanada na Australia, waliokuwa wamemaliza upasuaji na kemotherapia. Nusu walipewa kitabu cha ushauri. Nusu walipewa mtu wa kuwafuatilia na programu ya mazoezi kwa miaka mitatu, ambayo kwa wengi ilikuwa kutembea kwa haraka. Baada ya miaka minane, waliokuwa hai katika kundi la mazoezi ni asilimia 90.3, na katika lile la kitabu asilimia 83.2. Wenye kufanya mazoezi waliumia misuli na viungo zaidi, hilo nalo liliandikwa.

Si kila mgonjwa wa kuinuliwa. Mwenye homa kali ya malaria au nimonia apumzike. Moyo wake tayari unakimbia. Mwenye siko seli asikaukiwe na maji wala kujisukuma hadi mwisho wa pumzi, maana hapo ndipo damu hukwama na maumivu kuanza. Mtu aliyejitutumua siku ya kwanza jim, kisha akakojoa mkojo wa rangi ya soda nyeusi, aende hospitali siku hiyohiyo: msuli umevunjika na vipande vyake vinaelemea figo. Halafu wapo waliobaki na uchovu wa muda mrefu baada ya Korona, ambao wakijilazimisha leo huanguka kesho na keshokutwa. Baadhi yao waliambiwa ni wavivu. Kwao kuongeza mazoezi hatua kwa hatua kunaweza kuwaharibu, na jambo la kwanza ni kuipima nguvu waliyonayo na kutoimaliza.

Karibu na kwetu kuna mfano wa Kampala. Mtu anamaliza dozi ya kifua kikuu, makohozi yanapimwa na bakteria hawaonekani, kadi inapigwa muhuri kwamba amepona. Nyumbani hawezi kupanda kilima hadi dukani. Watafiti wa huko Uganda waliwakusanya watu wa namna hii na kuwapa mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, pamoja na mafunzo ya namna ya kuishi na kifua hicho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: waliweza kutembea mbali zaidi, na maisha yao ya kila siku yakawa mepesi. Mazoezi ya aina hii hayafuti makovu ya mapafu, nayo hubaki palepale. Kinachobadilika zaidi ni miguu, inayojifunza kuitumia vizuri ile hewa kidogo inayoifikia.