Kuhamia kozi ya biashara sio kujaza fomu tu

Kuna hii story imezunguka miaka na miaka, eti ingia chuo na kozi yoyote rahisi, mwaka wa pili unahamia biashara kiulaini. Hapana jamani. Kwenye programu zenye ushindani kuhama ni kuomba upya kabisa, nafasi ni chache na mnazigombania wengi, na kuwa tayari ndani ya chuo hakukupi uhakika wowote.

Halafu wengi wanakimbilia masomo mepesi ili GPA (wastani wa alama) ipande, wanasahau kwamba anayesoma faili anaangalia pia umesoma nini, kalkulasi ipo? takwimu? uchumi wa awali? Mtu ana A tupu lakini hana kalkulasi na ni sharti, basi hapo imekula kwake, hata insha yake ya maombi inaweza isisomwe.

Na taratibu zenyewe hubadilika. Haas, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, Marekani, zamani wanafunzi wa chuo walikuwa wanaomba wakiwa mwaka wa pili, ila tangu 2024 inachukua watu moja kwa moja kuanzia mwaka wa kwanza. Kwa hiyo ushauri wa kaka aliyemaliza zamani (kwa nia njema tu) unaweza kukupoteza, soma masharti ya mwaka unaoomba wewe.