Muulize ametoka lini, si alifungwa kwa nini

Juzi tena. Daktari tarajali, kijana hodari kweli wa vitabu, kaniletea mgonjwa na neno lake la kwanza likawa: "Dokta, huyu alifungwa kwa wizi wa korosho." Nikamuuliza ametoka lini. Hajui. Walikuwa wanalala wangapi? Hajui. Alikuwa kwenye dawa gani? Hajui. Alichokijua ni kosa.

Hapa Mtwara nimeikuta imani hiyo kwa madaktari, kwa wauguzi, hata pale mapokezi: kwamba humtibu vizuri mtu aliyetoka ndani mpaka ujue alifanya nini. Jamani, kosa halina dozi. Na wengine hawakuhukumiwa kabisa, walikuwa mahabusu, kesi ikipigwa kalenda hadi siku wakaachiwa.

Hao walioachiwa mahakamani ndio wanaonikosesha usingizi. Mtu anatoka kizimbani anaelekea stendi, kadi na vidonge vyake vimebaki gerezani. Kama yuko katikati ya ile miezi 6 ya dawa za kifua kikuu, kila siku anayokosa vidonge inawapa vimelea nafasi ya kuwa sugu. Kama yuko na ARV pia, rifampisini, moja ya dawa za kifua kikuu, inashusha mwilini kiwango cha dolutegravir, moja ya hizo ARV, kwa hiyo anahitaji miligramu 50 za dolutegravir za ziada saa 12 baada ya dozi yake. Na misamaha ya Rais hutangazwa 9 Desemba na 26 Aprili. Wiki hizo tarajali wangu nawataka wawe macho.

Utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa 2007, ulikuta kwamba katika wiki 2 za kwanza baada ya kutoka gerezani hatari ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya ile ya raia wengine. Sababu kubwa kule ilikuwa kuzidisha dawa za kulevya, kwa hiyo hiyo mara 13 siileti huku kwetu. Ninachokibeba ni zile wiki 2.

Sasa nirudi kwa mgonjwa wetu. Alikuwa mzee wa miaka 60 na kitu, amechuchumaa kando ya mlango, mikono magotini, vile wanavyohesabiwa, na kiti kipo kitupu mbele yake. Tarajali anauliza: "Unakohoa?" "Hapana, afande." "Jasho la usiku?" "Hapana, afande." Anaandika hapana, hapana, na huku mzee ameweka ngumi mdomoni anabana kikohozi! Mtu aliyezoea kujibu askari atakujibu lile litakalommaliza afande haraka. Swali la ndiyo au hapana kwake ni amri.

Nilimwamkia: "Shikamoo, mzee wangu." Akageuka kutazama nyuma yake kwanza, ndipo akaitikia marahaba. Nikamkalisha kwenye kiti, nikamwomba anisimulie usiku mmoja tu wa huko, walikuwa wanalalaje. Akasema ubavu kwa ubavu, akigeuka mmoja wanageuka wote, na jirani yake alikuwa akikohoa damu. Chake yeye, akasema, ni kikohozi cha salfa, maana tangu atoke anapuliza mikorosho ya mwanawe kule Tandahimba. Ametoka lini? Siku 19. Na kikohozi kina muda gani? Akahesabu kwa vidole: miezi 2. Salfa imeingiaje hapo? Makohozi yakaenda kwenye GeneXpert, mashine ya kupima kifua kikuu, majibu yakarudi: anacho.

San Francisco tangu 2006 wana kliniki yenye wahudumu wa afya waliowahi kufungwa wao wenyewe. Nami natamani mmoja wa namna hiyo akae na tarajali wangu asubuhi moja tu. Angewafundisha kuchuchumaa kule kunasema nini kuliko mihadhara yangu yote.

Kuna jambo bado sijalimaliza moyoni: je, niandike kwenye faili kwamba mtu alifungwa? Nisipoandika, daktari wa zamu ya kesho anaanza upya. Nikiandika, faili linapita mapokezi, maabara, dirisha la dawa, na mji wetu huu kila mtu ni shemeji wa mtu. Kwa sasa naandika "aliishi kwenye msongamano" na tarehe aliyotoka, na kabla ya kuandika namuuliza mwenyewe. Yule mzee alisema andika tu, kijiji kizima kinajua. Aliyefuata, binti mdogo tu, aliushika mkono wangu wenye kalamu.