Siku Tano Amani: Kujipangia Safari ya Msitu wa Mvua

Kosa ninaloliona mara nyingi kwa mtu anayejipangia safari yake ya kwanza ya msitu wa mvua ni kuja na ratiba ya Serengeti. Asubuhi hapa, mchana pale, jioni kwingine, na mkononi orodha ya wanyama wa kutia alama. Mbugani ratiba hiyo inafaa kwa sababu jicho linafika mbali na gari linakimbia. Msituni jicho linafika hatua kumi na tano, kisha ni majani matupu. Nimekuwa nikihesabu ndege na kuongoza wageni katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki mkoani Tanga, kwa miaka mingi sasa, na walioondoka wakiwa wanyonge karibu wote walikuwa wamejipa usiku mmoja tu.

Hata mimi nilianza hivyo. Mara ya kwanza nilifika Amani alasiri, nikalala, nikaingia msituni saa 3 asubuhi baada ya chai, na mchana nikawa ndani ya gari nikirudi Muheza. Nilichoona ni mgongo wa mbega na kinyesi cha mnyama ambaye sikumjua. Msitu ulikuwa umejaa viumbe siku ile kama ulivyojaa leo. Mimi ndiye niliyeingia saa ambayo wao walishamaliza shughuli zao, nikatembea kwa mwendo wa mtu anayewahi basi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoushikilia kuliko mingine yote: chagua msitu mmoja, uupe siku tano. Nitaueleza Amani kwa sababu ndio ninaoujua, lakini hesabu yake utaweza kuitumia kwenye misitu mingine kama Udzungwa au Kakamega.

Milima ya Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima unaoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga milima hii ukamwaga mvua, na Amani hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Afrika ilipokauka katika vipindi vya kale, bahari iliendelea kuilisha milima hii, misitu ikabaki kama visiwa, na viumbe waliobaki ndani yake wakaenda njia yao wenyewe. Ndiyo maana huku hutamwona simba wala twiga. Utaona kinyonga, chura, ndege mdogo wa kijani asiye na makuu, na wengi wao hawapatikani kokote duniani isipokuwa kwenye milima hii. Ukiyakubali hayo kabla ya kufunga mzigo, umeshamaliza nusu ya maandalizi.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilianzishwa mwaka 1997, ina zaidi ya hekta 8,000, na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Kwa mpangaji, jambo kubwa si ukubwa wake bali mwinuko. Geti la Sigi liko chini, kwenye mita 450 hivi, penye nyumba ya stesheni ya reli ndogo ya zamani ya Wajerumani. Amani yenyewe iko juu, mita 900 na zaidi, kwenye kituo cha utafiti na bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Kati ya hapa na pale ni mwendo mfupi kwa gari, lakini ni misitu miwili tofauti. Chini kuna joto, na usiku unaweza kumsikia kibundi wa Sokoke, yule mdogo ambaye kwanza alijulikana kutoka msitu wa Sokoke kule pwani ya Kenya. Juu kuna ukungu na baridi, na ndege wengine kabisa. Mimi hugawa hivi: usiku mbili Sigi, usiku tatu juu. Anayelala juu siku zote tano akashuka Sigi mara moja mchana hupata nusu ya msitu.

Kuhusu majira, masika ya Machi hadi Mei yakwepe kama huna uzoefu. Barabara ya udongo mwekundu huteleza, na gari la abiria linaweza kushindwa kupanda. Januari na Februari ni miezi mizuri, na vilevile Juni hadi Septemba. Watu huiogopa Julai kwa baridi, lakini mimi naipenda: ndege kadhaa wa milimani hushuka msimu wa baridi, na unaweza kukutana nao Sigi bila kupanda popote. Wanaotaka vyura na vinyonga kwa wingi waje vuli zinapoanza, Oktoba na Novemba, wakubali kulowa. Miezi hiyo ndege nao huimba sana, na msituni ndege anayeimba ni ndege uliyekwisha kumpata nusu.

Usafiri si mgumu. Mabasi ya Dar es Salaam kwenda Tanga hupita Muheza, unashuka hapo. Muheza ndipo pa kutoa pesa, kununua dawa, betri na matunda, kwa sababu ukishaanza kupanda mlima utapata maduka ya kijijini tu. Magari ya abiria kwenda Amani ni machache kwa siku, na saa zake hubadilika. Uliza stendi siku unayofika, usitegemee ulichosoma mahali. Ukilikosa, kuna bodaboda, lakini mfunge vizuri mzigo na mkubaliane bei kabla. Niliwahi kulipa nusu ya nauli mapema kwa mtu aliyeahidi kunichukua na gari dogo, sikumwona tena, nikapoteza siku nzima stendi. Tangu hapo hulipa nikifika.

Ada za hifadhi hutofautiana kwa raia, kwa Mwafrika Mashariki na kwa mgeni wa nje, na hulipwa kwa namba ya malipo kupitia simu au benki, si taslimu mkononi mwa mtu. Piga simu kabla ya kusafiri uulize ada za sasa na nafasi ya kulala. Kijijini, kwa chakula, iliki na ndizi, beba noti ndogondogo.

Sasa mwongozaji. Kujipangia safari mwenyewe hakumaanishi kutembea peke yako. Chukua mwongozaji wa pale pale, anayelala kijiji kile, na ikiwezekana awe huyo huyo siku zote. Siku ya kwanza atakuonyesha anachowaonyesha wageni wote: mti mkubwa, maporomoko, mandhari. Siku ya tatu, akishaona kwamba hukimbii, atakupeleka anakojua yeye. Mzee aliyenifundisha mimi, Msambaa wa kijiji cha jirani, alikuwa akisimama ghafla na kuinua kidole, na tulikuwa tunasimama hivyo hata robo saa. Sikuelewa kwa nini hadi nilipojifunza habari ya misafara.

Hili nataka nilieleze taratibu, kwa sababu ndilo linalobadilisha safari. Ndege wengi wa msitu wa mvua hawakai wametawanyika sawasawa. Hutembea pamoja, aina kumi au zaidi, wengine wakipekua majani ya juu, wengine magome, wengine karibu na ardhi. Wadudu anaowafurusha mmoja huliwa na mwenzake, na macho mengi humwona kipanga mapema. Sisi huuita msafara. Unaweza kutembea saa nzima usione kitu, kisha msafara ukakupitia kichwani kwa dakika tano, ndege thelathini, ukatoweka. Anayetembea haraka huwa yuko kati ya msafara na msafara muda wote. Anayesimama penye uwazi kidogo, pembeni mwa njia au mti ulipoanguka, msafara humjia. Basi kanuni yangu ni kilomita mbili kwa asubuhi nzima, zisizidi.

Kuna na msafara wa chini, wa siafu. Ukiona siafu wametanda wakiwinda, usikimbie. Rudi hatua chache, hakikisha husimami juu ya mstari wao, chomeka suruali ndani ya soksi, na usubiri. Wadudu wanaowakimbia siafu huwavuta ndege wa ardhini ambao siku nyingine hawaonekani kabisa, mmojawapo yule mwenye kifua cheupe ambaye vitabu humwita alethe. Hapo hapo nimewahi kumwona sange, mwenye pua ndefu inayochezacheza kama mkonga mdogo, akipita kana kwamba mimi ni kisiki.

Na penye mti wenye matunda, kaa. Mkuyu ulioiva ni bora kuliko njia yoyote iliyoandikwa kwenye ramani. Vivyo hivyo mhesi, mti ulioletwa ukasambaa msituni kiasi cha kuwa tatizo. Hondohondo hula matunda yake na kutawanya mbegu, kwa hiyo wahifadhi hawaupendi, na wana haki. Lakini ukizaa, hondohondo wapo. Utayasikia mabawa yao yakivuma kabla hujawaona.

Saa za kazi ni saa 12 hadi saa 4 asubuhi, na saa 10 jioni hadi giza. Katikati pumzika, kula, lala. Uwe umeshakunywa chai na kuwa njiani kabla ya jua, hata kama mwenye nyumba atashangaa. Mwombe chupa ya chai na maandazi usiku uliotangulia. Kabla ya kusafiri jifunze sauti tano tu kutoka kwenye rekodi za mtandaoni: mbega, kima, hondohondo, ndege aitwaye shorobo, na perere, yaani pimbi wa mitini. Perere ni wa usiku, na kilio chake kimewatoa wageni wangu kitandani wakidhani mtu anachinjwa. Kuzicheza rekodi hizo msituni ili kumvuta ndege ni jambo jingine. Mimi siruhusu wakati wa kutaga. Ndege anaacha kiota kuja kupigana na simu yako.

Yule ambaye wapenda ndege huvuka bahari kumtafuta ni ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu, *Artisornis moreaui*. Jina lake linamkumbuka Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi Amani tangu 1928 na kuwachunguza ndege wa milima hii kuliko yeyote kabla yake. Nje ya hapa, ndege huyu, au ndugu yake wa karibu sana, anajulikana Njesi, kaskazini mwa Msumbiji. Watu humtafuta ndani kabisa ya msitu wakachoka, kumbe anapenda mitambaazi iliyosongamana pembezoni, penye mwanga, hata karibu na nyumba. Keti mbele ya kichaka kimoja cha namna hiyo asubuhi mbili mfululizo. Nimefanya hivyo nikamkosa, nikarudi ya tatu nikampata, na siku ile sikuhitaji kuona kingine.

Usiku usiache. Omba kibali getini, enda na mwongozaji, kila mmoja na tochi ya kichwani. Kinyonga mchana hujificha vizuri mno, lakini usiku hulala mwishoni mwa kijiti, rangi yake hupauka, na mwanga wa tochi humfanya aonekane kama kijani kibichi kilichooshwa. Tazama, piga picha moja au mbili, mwache. Usimshike wala kumtoa alipolala, kwani amechagua kijiti chembamba ili nyoka akipanda kitikisike. Macho mawili ya rangi ya chungwa yakirukaruka juu ni komba.

Katika vifaa, darubini ndiyo ya kwanza. Kama pesa inatosha kimoja, acha kamera. Chukua 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ya kukuza mara 10 inavutia dukani, lakini msituni hutetemeka mkononi, huonyesha eneo dogo, na ndege anayerukaruka majanini humpati. Unyevu huingia kwenye vioo na kuotesha ukungu. Niliipoteza darubini yangu ya kwanza hivyo, kwa kuiacha wiki nzima ndani ya begi bichi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo beba kopo lenye mfuniko unaobana kwa ajili ya simu, darubini na daftari. Ongeza kanga mbili: moja ya kufutia, moja ya kulalia chali njiani unapotazama vilele, maana shingo huuma kweli. Viatu viwe vya kushika udongo, soksi ndefu kwa ajili ya kupe, koti la mvua hata mwezi wa kiangazi. Malaria ipo, hasa chini, kwa hiyo zungumza na daktari mapema na ulale ndani ya chandarua. Mtandao wa simu hukatika. Kabla ya kuingia mwambie mtu wa getini unapita njia ipi na unarudi saa ngapi.

Jambo moja la mwisho kwenye hesabu ya siku. Gari la abiria la kushuka Muheza kwa kawaida huondoka Amani alfajiri, saa ile ile ndege wanapoanza. Asubuhi ya mwisho utaisikia misafara kupitia dirishani na hutaweza kushuka. Kwa hiyo ukiandika siku tano, ziwe tano kabla ya ile ya kuondoka.