Aipisi za uwanja mpana: digrii za kwenye boksi hazikwambii kila kitu

Swali ninaloulizwa kuliko yote na watu wenye darubini ni hili, nimeona aipisi (ile lenzi ya kuchungulia unayoweka jicho) ya digrii 82 na nyingine ya digrii 100, nichukue ipi? Na mimi huwa nauliza kwanza, darubini yako ni f ngapi (yaani urefu wake wa fokasi, ule umbali kutoka kwenye kioo mpaka mwanga unapokutana, ukigawa kwa upana wa kioo), na je unavaa miwani? Manake zile digrii zilizoandikwa kwenye boksi hazisemi utaona anga kiasi gani, zinasema tu lile dirisha litaonekana pana kiasi gani ukishaweka jicho, na hivo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Twende taratibu. Ukuzaji unaupata kwa kugawa urefu wa fokasi wa darubini kwa ule wa aipisi. Darubini yangu ina kioo cha milimita 200 na urefu wa fokasi milimita 1200, yaani f/6, nikiweka aipisi ya milimita 24 napata mara 50. Afu chukua digrii za aipisi, tuseme 68, gawa kwa hiyo 50, unapata kama digrii 1.4 za anga halisi. Mwezi mpevu una nusu digrii tu, kwa hiyo hapo Miezi miwili inakaa pembeni kwa pembeni na nafasi inabaki. Ni hesabu ya makadirio lakini inatosha sana kwa kuchagulia.

Sasa kuna jambo watu wengi hawaambiwi, nalo ni shingo, ile sehemu ya aipisi inayoingia kwenye darubini. Aipisi yenye shingo ya inchi 1.25 haiwezi kuwa na pete ya ndani inayozidi milimita 27 hivi, na hiyo pete ndo inaamua kipande cha anga kinachopita. Plössl (aina ya kawaida ya aipisi) ya milimita 32 yenye digrii 50 imeshagusa huo ukomo, na ile ya 24 yenye digrii 68 nayo imegusa, kwa hiyo zote mbili zinakuonyesha anga ileile! Hata ukinunua ya 40 hupati zaidi, dirisha linajibana tu mpaka digrii 43 hivi. Ukitaka anga pana zaidi ya hapo kwenye darubini hiyohiyo, unahitaji fokasa (ile sehemu inayoshika aipisi na kuisogeza ili picha ikae wazi) na aipisi za inchi 2, ambazo pete yake inafika milimita 46.

Kama anga ni ileile, hela ya ziada inakwenda wapi? Inakwenda kwenye giza. Nilizijaribu hizo mbili usiku mmoja kwenye Kilimia, nikawa nabadilisha moja natoa nyingine bila kusogeza darubini. Kwenye ya 32 nyota zile kubwa zote zilikuwa ndani, zimekaa vizuri, ila nyuma yake anga lilikuwa la kijivukijivu kama moshi. Nikaweka ya 24, nyota zilezile, ukingo uleule, lakini nyuma pakawa peusi na vinyota vidogo ambavyo mwanzo nilikuwa navibahatisha vikajitokeza vyenyewe. Sababu ni ile duara ndogo ya mwanga inayotoka kwenye aipisi kuingia jichoni, unaipata kwa kugawa milimita za aipisi kwa namba ya f. 32 kwa 6 ni milimita 5.3, 24 kwa 6 ni milimita 4, na mwangaza wa anga unafuata mraba wa hiyo namba, kwa hiyo unashuka mpaka kama asilimia 56 huku nyota zenyewe hazipotezi kitu. Na usiipeleke juu zaidi ya mboni yako, gizani mboni ya kijana inafunguka mpaka milimita 7 hivi lakini umri ukienda wengi wanabaki na 5 au chini ya hapo, mwanga unaozidi unamwagika nje ya jicho.

Haya, namba ya f. Darubini ya f/10 ni mpole, mwanga unaingia ukiwa mwembamba na hata aipisi ya bei nafuu inafanya kazi safi, lakini f/5 haina huruma, mwanga unaingia kwa pembe kali na aipisi pana isiyotengenezwa vizuri inaharibu nyota za pembeni. Kabla hujailaumu aipisi fanya hivi, elekeza darubini kwenye nyota angavu, ipeleke nyota hiyo mpaka ukingoni, kisha zungusha fokasa polepole. Ikirudi kuwa nukta basi uwanja umejipinda tu, jicho changa linavumilia. Ikiwa kijistari kinachogeuka, mara kimelala mara kimesimama, hiyo ni astigmatizimu, na mara nyingi inatoka kwenye aipisi. Ikiwa na mkia unaoelekea nje, hiyo ni koma ya kioo cha darubini, aipisi haina kosa, na dawa yake ni kirekebisha koma, lenzi ya ziada inayowekwa mbele ya aipisi.

Kwa darubini isiyo na mota ya kufuata nyota, upana unakusaidia kwa namna nyingine pia. Kwa ukuzaji wa mara 200, nyota iliyo karibu na ikweta ya anga inavuka uwanja wa digrii 50 kwa dakika moja tu, ukiwa na digrii 100 unapata dakika mbili, na dakika hizo ndo jicho linatulia na kuanza kuona mikanda ya Jupita.

Wenye miwani, tafadhali angalieni umbali wa jicho kutoka kwenye lenzi, uwe milimita 15 mpaka 20, la sivyo utaona katikati tu na zile digrii umezilipia bure. Kama macho yako yana shida ya kuona mbali au karibu peke yake, vua miwani, fokasa itarekebisha.

Al Nagler wa Tele Vue, kampuni ya kutengeneza aipisi, ndiye aliyewazoesha watu digrii 82 mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2007 kampuni hiyo ikaleta Ethos ya digrii 100. Ni vitu vizuri mno, ila zipo aipisi pana zinazokaribia kilo moja na darubini inainama mbele ukiziweka, pima hilo pia.

Kwa f/6 mimi ningeanza na ya milimita 12 yenye digrii 82 kabla ya kukimbilia ile pana kuliko zote. Inatoa mara 100 na duara ya milimita 2, na anga kama digrii 0.8. Omega Centauri, lile kundi kubwa la nyota, ina zaidi ya nusu digrii, Plössl ya ukuzaji huohuo inaikata kingo, hapa inakaa nzima na weusi unaizunguka pande zote.